Mama Hakulala kwa Mkwe

Naandika haya nikiwafikiria wale ambao kesho asubuhi watakaa kwenye benchi la kliniki ya saratani, mama yao pembeni, chupa ya uji mkononi, hawajui waanzie wapi. Mimi si mtu wa kuandika. Niliishia darasa la saba nikajifunza cherehani, na kitu pekee nilichowahi kuandika ni daftari langu la jioni ambalo wanangu hulicheka. Mambo ya dawa waulizeni madaktari. Mimi nitasema yaliyotupata nyumbani, na nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Mama yetu tulimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Wajukuu nao wakamwita hivyohivyo, hadi watoto wa jirani. Jina lake hasa lilikuwa Minza. Kaka yangu Masanja anasema alikuwa amepita miaka themanini. Mwenyewe alisema alizaliwa mwaka wa nzige, ila nzige walikuja miaka mingi, kwa hiyo hatukupata kujua. Kijiji chetu kiko upande wa Magu, ukisimama uani unaliona ziwa. Alilima pamba pamoja na baba. Baba alipofariki akaiacha pamba, akashika mpunga na viazi vitamu. Viazi alivikata, akavianika juani vikawa michembe, akaipeleka kuuza sokoni Kirumba, mjini Mwanza. Ndiyo iliyotulea. Mtu akimwambia alitulea kwa shida alikataa. Alisema shida ilikuwa ya mgongo tu, watoto hawakumsumbua. Sijui kama ni kweli. Mimi nakumbuka nikimsumbua.

Nilipoolewa niliolewa na Mhaya wa Muleba, fundi mwashi, tukajenga Buswelu. Huyo ndiye Baba Neema. Sasa, kwetu mama hamkaribii mume wa binti yake. Hampi mkono, hali mbele yake, halali chini ya paa lake, wala hatumii choo chake. Si chuki, ni heshima. Baba Neema hakuelezwa vizuri. Siku ya kwanza kuja kujitambulisha alimwona Mayu anatoka jikoni, akamwendea mikono miwili mbele, anataka kumkumbatia kwa furaha. Mayu alitupa ungo akakimbilia kwenye mahindi. Shangazi zangu wakapiga yowe mpaka wanaume wakaja na fimbo. Maskini, mwenzangu alibaki amesimama katikati ya uwanja, pumba za mchele kichwani.

"Nimefanya nini?" akaniuliza.

"Umetaka kumshika mama mkwe."

"Nilitaka kumsalimia!"

Tangu siku ile alijifunza. Mayu akipita yeye anageuka. Walisalimiana kwa kupitia watu, "mwambie shikamoo," "mwambie marahaba," huku kila mmoja akimsikia mwenzake. Neema, binti yangu wa kwanza, alipozaliwa, ni mimi niliyepelekwa kijijini na kichanga changu, kwa sababu Mayu asingeweza kuja kulala kwangu kuniogesha. Wanangu wengine nao niliwapeleka vivyo hivyo. Wajukuu wote mikono ya kwanza kuwakanda ilikuwa yake.

Ugonjwa ulianza msimu wa kuvuna viazi. Aliyegundua si mimi, ni wifi yangu Grace, mke wa Masanja, na hilo nataka liandikwe kwa sababu baadaye watu walimsema kwamba hakumjali. Alikwenda kijijini, akamwona Mayu anateremsha kila tonge kwa maji. Akila michembe na karanga anasimama, anajinyoosha shingo kama kuku, anangoja ishuke. Mimi nilikuwa nimeliona hilo wiki chache kabla, nikadhani ni meno.

Tulizunguka zahanati, tukapewa dawa za vidonda vya tumbo, mwisho tukafika hospitali kubwa mjini. Wakampitisha mpira wenye kamera kooni. Majibu tuliyangoja hadi mvua za vuli zikaanza. Daktari, kijana tu, alisema ni saratani ya koo la chakula, imeziba sehemu kubwa. Ataanza mionzi kila siku ya kazi kwa wiki kadhaa, na atawekewa mpira mdogo tumboni wa kupitishia chakula mpaka njia ifunguke.

Mayu aliuliza swali moja tu. "Nikila kwa tumbo, nitaonja?"

"Hapana, bibi."

"Basi huko si kula. Ni kumimina."

Mpaka leo tukimimina uji tunacheka.

Ilibidi akae mjini. Akakaa Mkolani kwa Masanja, na ndiko alikostahili kukaa, mama ni wa mwanawe wa kiume. Lakini Masanja ni dereva wa malori, anaweza kumaliza wiki nzima njiani. Grace ana meza ya nyanya sokoni, anatoka alfajiri. Chakula cha mpirani hakingoji. Ni uji mwepesi uliochujwa, maziwa, supu ya sato iliyopitishwa kitambaani, kidogokidogo, mara nyingi kwa siku, kisha maji ya kusafishia mpira. Nilikuwa nakwenda kutoka Buswelu kila siku, ila ni mbali, na siku nyingine nilichelewa. Siku moja nilimkuta amekaa kitandani midomo imekauka, mpira umeziba na uji mzito. Tulifika hospitali tumechelewa, mionzi ikakosekana. Daktari akatugombeza pale pale mbele ya watu, akasema mkiruka-ruka hivi hakuna maana ya kuanza. Nilimchukia. Leo namwona alikuwa na haki yake, maana korido ilikuwa imejaa na kila mmoja pale alikuwa na mama.

Tuliporudi, Mayu akaanza kukunja kanga zake.

"Kabula, nipakieni kwenye basi. Nimeishi vya kutosha."

"Na mionzi?"

"Wampe mtu mwingine."

"Njoo kwangu, Mayu. Mimi nashona nyumbani, nakuwepo mchana kutwa."

Akanitazama kama mtoto aliyesema tusi bila kujua. "Kwako ni wapi? Ile ni nyumba ya mkwe wangu. Nitalala wapi? Nitajisaidia wapi? Nikitapika si atanisikia? Miaka yote nimemtunzia heshima yake na yangu, leo niimalizie kwenye karo lake?"

Nilisema mengi. Nilisema siku hizi watu wameacha. Nilisema Mungu haangalii hayo. Mzee mmoja wa ukoo akapendekeza kwa simu atolewe mbuzi ili mwiko ufunguliwe. Mayu akasema mbuzi atafungua mwiko, lakini hatamfungua yeye aibu. Akataka nauli ya kurudi kijijini. Nilijua akirudi hatakuja tena, na lile koo litaziba kabisa.

Jioni nikamweleza Baba Neema huku nalia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kifundi:

"Tatizo ni paa au ni kuta?"

"Nadhani ni paa. Na choo. Sijui, ni kwamba ni kwako."

"Na kama si kwangu?"

Pembeni ya kiwanja alikuwa na matofali ya fremu ya duka aliyokuwa akiiota muda mrefu. Kesho yake akachimba msingi. Neema, aliyekuwa mwaka wa kwanza chuo cha ualimu, akatumwa Mkolani. Mimi nilikuwepo. Kwetu bibi na mjukuu wa kike wanaitana mke mwenza, na hao wawili walikuwa hawakutani bila kutukanana.

"Mke mwenzangu," Mayu akasema, sauti imeshaanza kukwaruza, "umesikia nakufa umekuja kurithi kanga?"

"Kanga zako zimechakaa, baki nazo. Nimekuja kukukaribisha kwangu."

"Kwako wapi, wewe unayelala kwa baba yako?"

"Nina nyumba. Chumba na choo chake. Kesho kutwa kinafika kwenye linta, bado paa tu."

"Baba yako amekupa au amekuazima?"

"Amenipa mbele ya mwenyekiti wa mtaa."

"Siku mkigombana?"

"Namfukuza yeye."

Mayu alicheka mpaka akakohoa, akanishika mkono wangu kujizuia. Bibi kulala kwa mjukuu, hilo halina mwiko popote ninapopajua. Kisha akasema, "Mwambie huyo aliyekupa, mlango usitazame nyumba yake."

Si kila mtu alifurahi. Masanja aliporudi safari alisema tumemvua nguo, mama ametoka kwa mwanawe kwenda kulelewa uwanjani kwa mkwe. Hakupokea simu zangu kwa muda. Nilikasirika, lakini nikijiweka kwenye nafasi yake sijui kama ningesema tofauti. Grace ndiye aliyemlainisha. Siku moja lori likasimama nje, Masanja akashusha mabati yaliyobaki alipojenga kwake. Akapanda juu akayapigilia mwenyewe. Mayu akawa anatangaza kwa kila mgeni: nyumba ya mjukuu wangu, paa la mwanangu. Kuta hakuzitaja, lakini nilimwona akizipapasa.

Hivyo mionzi ikaendelea kipindi chote cha kiangazi kifupi, mpaka masika yakakaribia. Wenye kuingia njia hiyo niwaambie ya benchi. Nendeni na kanga ya ziada, ya kukalia na ya kufunika miguu. Nendeni na kitu cha kufanya mikononi. Mayu alichambua mchele wa watu asiowajua, mtu akija na mfuko wake anachambuliwa bure. Kulikuwa na mzee kutoka Sengerema aliyekuwa akimtania kwamba wakipona atamwoa, naye akimjibu kwamba mwanamume asiyemeza ugali hana faida. Wiki moja yule mzee hakuonekana. Hatukuuliza. Mayu alichambua mchele siku ile bila kuinua uso.

Mwili ulibadilika. Ngozi ya kifuani ikawa nyeusi kama sufuria, kisha ikachubuka, tukaipaka dawa tuliyopewa na kumvalisha magauni mapana niliyoyashona kwa kitenge laini kilichochakaa. Mabega yakatokeza mifupa. Sauti ikaisha kabisa, akabaki kunong'ona. Mate yalimjaa, akawa anatembea na kopo lenye mfuniko. Mwanamke aliyekuwa akiniita kutoka mtoni nikasikia nikiwa shuleni, sasa nilisogeza sikio mpaka mdomoni kumsikia. Niliandika kwenye daftari jioni moja kwamba nimechoka na yeye. Sikufuta. Kama nawe utafika hapo, ujue si wewe peke yako.

Baba Neema alijipangia njia zake. Akitoka asubuhi anazunguka nyuma ya nyumba ili asipite mbele ya kile chumba. Akirudi anakohoa kuanzia barabarani. Supu ya sato alikuwa akinunua yeye samaki, anamchagua, anamwacha kwenye ndoo karibu na mlango wa jikoni. Mayu hakuuliza samaki wanatoka wapi. Ila siku samaki akiwa mdogo alininong'oneza, "Leo ujenzi umelala?"

Ikabaki wiki ya mwisho ya mionzi. Mvua ilinyesha kuanzia alfajiri, mvua ile ya Mwanza inayoteremka na mawe. Nilipoingia chumbani nilimkuta Mayu chini, kati ya kitanda na mlango wa choo. Alikuwa ameharisha tangu alfajiri na hakutaka kuniamsha. Macho yalikuwa wazi lakini yanateleza. Neema alikuwa chuoni. Nilipiga simu kwa kijana wa bajaji, akasema barabara yetu imekuwa mto, hawezi kupanda, atangoja chini kwenye lami. Nikajaribu kumwinua, nikashindwa. Nikapiga kelele.

Baba Neema alifika mlangoni akasimama nje kwenye mvua, mgongo kwetu.

"Nimbebe?"

Mayu alinishika gauni. Sikio langu lilikuwa pale mdomoni. "Asiniguse, Kabula. Niache nife nimevaa adabu yangu."

Nilichanganyikiwa. Nilitaka kumwambia mume wangu ingia, mshike, tutaomba msamaha baadaye. Na nadhani angeingia. Lakini alikuwa amesikia, au alikisia.

"Mwambie simgusi," akasema. "Wewe na Mama Joji mtamweka kwenye toroli."

Mama Joji, jirani yetu, alikuja mbio na kichwa kimefungwa mfuko wa nailoni. Tuliweka godoro la mtoto kwenye toroli la zege, tukampandisha Mayu, tukamfunika kanga na turubai mpaka usoni. Lakini mwenye kusukuma toroli anamtazama aliyemo ndani. Baba Neema akaingia katikati ya mikono ya toroli, akageuka, akaishika kwa nyuma, akaanza kuvuta kama ng'ombe wa kulima. Hivyo ndivyo tulivyoteremka Buswelu, yeye anatazama mbele, Mayu anatazama turubai, mimi na Mama Joji tunashikilia pembeni lisipinduke. Maji yalifika juu ya vifundo vya miguu. Watu walitoka kwenye vibaraza wakatazama. Hakuna aliyecheka, au labda walicheka sikusikia.

Katikati ya mteremko gurudumu likapiga jiwe, toroli likaruka. Chini ya turubai nikasikia mnong'ono. Nikainama.

"Mwambie huyo Mhaya taratibu. Mimi si saruji."

Nikamfikishia. Mabega ya mume wangu yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mvua inamwingia mdomoni, na hakugeuka.

Hospitali walimwekea dripu, wakamlaza siku chache. Daktari yule yule kijana akasema siku zilizokosekana zitaongezwa mwishoni. Zikaongezwa. Akamaliza.

Koo halikufunguka mara moja. Mvua zilikuwa zinaisha aliponiomba kijiko cha uji, akaumeza, akangoja, akameza tena. Baadaye supu. Baadaye michembe niliyoipika ikalainika nikaiponda na karanga zilizosagwa. Alikula polepole sana, mgongo kwa mlango, akalamba kidole. "Umezidisha chumvi," akasema. Nilitoka nje nikakaa kwenye tofali nikalia kwa raha.

Siku aliyorudi kijijini Masanja alileta gari. Mizigo ikapakiwa. Mayu akaniambia nimwite Baba Neema asimame nyuma ya ukuta wa chumba. Mume wangu akaenda akasimama, kofia mkononi. Mayu alikuwa hajawahi kumsemesha moja kwa moja tangu siku ya ule ungo.

"Baba Neema," akaita. Sauti ilikuwa imerudi nusu.

"Naam, mama."

Niliona midomo ya Mayu inatafuta neno.

"Bati linavuja, pale juu ya mto wa kitanda."

"Ni la shemeji Masanja, mama," akajibu. "Lakini nitalishughulikia."

"Asante," akasema, akapanda gari. Mpaka leo sijui ile asante ilikuwa ya bati au ya nini. Baba Neema anasema anajua, na hasemi.

Tulimpata Mayu misimu miwili tena ya mpunga. Alimkanda kitukuu wake wa kwanza kwa mikono yake. Ugonjwa uliporudi, ulirudi sehemu nyingine, naye akasema safari hii hapana, tukakubali. Alifariki mchana, kitandani kwake, Grace amemshika mkono mmoja na mimi mwingine, ziwa linaonekana mlangoni. Hakuteseka sana. Nisemapo sana sisemi hakuteseka.

Kwa hiyo neno langu kwako wa kwenye benchi ni hili, na kama si sahihi kwako liache. Mgonjwa akikuambia jambo fulani hawezi, usikimbilie kumwambia ni ushamba. Kaa naye, ulizeni pamoja linapitika wapi.

Siku ya mazishi ndugu walitaka kaburi lijengewe vizuri, na kila mtu akamtazama Baba Neema, maana hakuna mwashi mwingine kati yetu. Akasema yeye ni mkwe, haingii. Akatafutwa fundi wa kijijini. Mume wangu akavua koti la msibani, akaenda nyuma ya zizi la ng'ombe mahali asipoona kaburi wala jeneza, akaanza kukoroga zege, anaijaza ndoo, vijana wanabeba. Wakati wa kuaga mwili walimwita, wakasema sasa hakuna ubaya, mwone mama yako. Akatikisa kichwa akaendelea na koleo. Wengine walimwona hana uchungu. Niliwasikia, nikawaacha.

Tulipokuwa tunarudi Mwanza, watu wamelala ndani ya gari la Masanja, nikamuuliza mume wangu kama anaona tumemzika vizuri.

"Nilipita baadaye mlipokwenda kunawa," akasema. "Yule fundi kona ya kushoto hakuipima, imelala kidogo." Akakung'uta saruji iliyokauka kwenye kucha. "Lakini zege ni nzuri. Hiyo mama hatailalamikia."